Yadi ya Mabaki

Nilipomaliza chuo cha ufundi Dar es Salaam, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na mpango mmoja tu: nisirudi Mtwara. Si kwamba nilipachukia. Nimezaliwa Mikindani, wazazi wangu wana shamba la mikorosho na mihogo, na mpaka leo sijala pweza mtamu kuliko wa kwetu. Ila nilikuwa msichana, nimesomea ujenzi, nimeona maghorofa yakipanda Kariakoo, na nilitaka na mimi nivae kofia ngumu nisimame juu ya ghorofa upepo ukinipiga. Serikali ikanipangia kituo cha kazi: fundi sanifu, idara ya ujenzi, Mtwara. Nililia ndani ya basi mpaka Kibiti. Baada ya hapo nilinyamaza, maana ukifungua mdomo unakula vumbi.

Mkuu wa idara alikuwa mhandisi kutoka Kagera, mrefu, mpole, mpenzi wa chai ya maziwa na adui wa kelele. Siku niliyoripoti alinitazama juu ya miwani yake.

"Unajua kuendesha pikipiki?"

"Hapana, Mhandisi."

"Utajua," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kazi yangu ya kwanza ilitokana na sufuria ya maharage, na hapa lazima nimweleze mwenye sufuria. Alikuwa mama ntilie, ana kibanda cha chakula karibu na soko, mama wa Kimakonde mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya ghuba. Wateja wake walimpenda mno hata wakamchagua kuwa diwani. Asubuhi alihudhuria vikao, mchana alipakua wali. Ukimwita Mheshimiwa aliitikia, ukimwita mama aliitikia, ukikaa kimya alikuuliza unataka nyama au maharage.

Masika moja kabla sijaanza kazi, mtu fulani alikarabati duka lake karibu na soko. Vifusi vyote alivimwaga mtaroni. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yakakosa njia, yakaingia kibandani kwa diwani. Sufuria ya maharage ikaelea, ikatoka mlangoni, ikavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Mji mzima ulicheka. Yeye mwenyewe alicheka, kisha akachukua jembe, akaingia mtaroni na wateja wake kufukua. Humo ndani ya vifusi wakakuta fremu ya mlango ya mninga, nzima kabisa, bawaba zikiwa mahali pake. Akaiosha na kuiweka kwenye kibanda chake.

Kikao kilichofuata alisimama akasema maneno ambayo nilisimuliwa na watu wengi, kila mmoja kwa namna yake, lakini kiini chake ni hiki: "Waheshimiwa, siku hizi naingia kazini kwangu kwa kupitia takataka zenu. Na ni takataka nzuri kuliko fremu niliyokuwa nimenunua. Sasa niambieni, hivi vitu vizima vinatupwa kwa nini?"

Pale Mtwara, miaka ile, kilichobomolewa kiliishia mtaroni, ufukweni, au kwenye mikoko. Na vya kujengea upya vilitoka kulekule: mawe yakichimbwa kwenye matumbawe, miti ikikatwa kwenye mikoko ileile tuliyoifukia kwa vifusi. Diwani hakuacha. Alilisema jambo hilo kikao baada ya kikao mpaka likawa sheria ndogo, ikaenda juu, ikarudi imekubaliwa. Ilikuwa fupi. Anayebomoa jengo la umma afungue, asivunje. Kinachofaa, hata kiwe cha mtu binafsi, kisitupwe wala kuchomwa, kipelekwe kwenye yadi ya halmashauri. Na mkandarasi atakayeonyesha kwenye zabuni namna atakavyotumia tena vitu vya zamani, apewe alama za ziada.

"Sheria tunayo," Mhandisi akaniambia. "Yadi iko nyuma ya karakana. Msimamizi wa mabaki ni wewe."

Nilipomweleza mama yangu jioni ile, alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama hewani. "Nimekusomesha miaka yote hiyo, mwanangu, ukawe msimamizi wa mabaki?"

Mjini nikapata jina. Nikipita na pikipiki yangu, ambayo kwa kweli nilijifunza kwa kuangukia kwenye ua wa michongoma wa jirani, watu walinipungia: "Bi Mabaki! Habari za kazi!"

Utaratibu wa yadi ulibuniwa na diwani, na ulikuwa rahisi: leta, uchukue. Ukileta mlango uliouchoka, unaondoka na dirisha unalolihitaji. Ukileta tofali za kubomoa, unachukua mbao. Hakuna aliyepima kwa mizani. Nilitazama tu kama kubadilishana kuna haki, na kama pana ubishi, tulikwenda kula kwa diwani naye akaamua huku anapakua.

Mwanzoni nilikaa pale nikiona aibu. Baadaye nikaanza kupapenda, kwa sababu kila aliyeingia alikuwa na hadithi ya nyumba. Mtu mmoja alikuja kutoka karibu na mdomo wa Ruvuma, mkulima ambaye wazee wake walivuka kutoka Msumbiji enzi za vita. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, ameleta tangi la chuma juu ya baiskeli, sijui alilisawazishaje.

"Dada, namtafuta Janela," akasema.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo, kaka."

"Aah, wapo. Nimeambiwa wapo wengi."

"Labda karakana. Anafanya kazi gani?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Anakaa ukutani. Unanfungua, upepo unaingia."

Ndipo nikaelewa kwamba anataka dirisha. Kwao, ng'ambo ya mto, waliliita hivyo kwa Kireno. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, akaondoka na dirisha. Toka siku ile akawa mteja wangu wa kudumu. Alikuwa anajenga nyumba polepole, kwa ajili ya mke wake aliyemwoa karibuni, na kila alipokuja mjini alipita yadi kuona kuna nini.

Kisha ikaja kazi ya zahanati.

Halmashauri iliamua kujenga zahanati Likombe, na palepale kwenye kiwanja palikuwa na bohari ya zamani ya mkoloni. Ilikuwa mbovu kwa macho, popo wamejaa, milango imekufa. Lakini nilipoingia na tochi niliona kenchi za mvule zilizobeba paa, mabati mazito ambayo siku hizi hayapatikani, na nguzo zilizotengenezwa kwa vyuma vya reli, ile reli ya Mtwara iliyong'olewa kabla sisi hatujazaliwa. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe, yamepangwa vizuri kwa chokaa.

Zabuni aliipata mkandarasi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amejieleza vizuri sana: atafungua bohari kipande kwa kipande, mawe yataingia kwenye msingi, vingine vitakwenda yadi. Alipewa alama zake za ziada, na ndizo zilizompitisha. Alifika akiwa mtu mnene, mchangamfu, anayetembea na kitambaa cha kujifutia jasho shingoni. Alinisalimia vizuri. Nilimpenda hapohapo.

Asubuhi iliyofuata nikasikia ngurumo. Nilipofika kiwanjani nilikuta katapila limeshushwa, limeelekezwa ukutani, moshi unatoka.

"Bwana mkandarasi, ulisema utafungua," nikamwambia.

"Nilisema, dada yangu."

"Sasa hili?"

Akacheka kwa upole, kama unavyomchekea mdogo wako. "Zabuni ni zabuni, kazi ni kazi. Mimi nina saruji inakuja kwa meli na mabati yanakuja kwa lori. Nikikaa hapa nang'oa misumari, tutazeekea hapa."

Mhandisi alikuwa safarini Newala. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Nilimwomba mkandarasi asubiri hata mchana, akasema atasubiri mpaka dereva wake amalize kuangalia mafuta. Nikapanda pikipiki, nikakimbilia sokoni.

Diwani alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria kubwa ya wali iko jikoni, ya nyama na ya samaki wa nazi ziko pembeni. Nilimweleza kwa pumzi zilizokatika. Alisikiliza, akafunua mfuniko, akachungulia.

"Wali wangu haujaiva," akasema.

"Mama, katapila litaanza sasa hivi!"

"Nimesikia, mwanangu. Ndiyo nafikiria." Akasimama. "Basi utaivia hukohuko."

Aliita mwenye mkokoteni. Yakapakiwa majiko, masufuria, ndoo ya sahani, mabenchi. Nikatangulia na pikipiki, na nyuma yangu, njia nzima ya Likombe, ulikuja mkokoteni unaotoa moshi, na nyuma ya mkokoteni diwani mwenye kanga kiunoni, na nyuma ya diwani wateja wake: wapagazi wa bandarini, makarani, walimu wa shule ya msingi, maana ilikuwa inakaribia saa ya chakula na chakula ndicho kilichokuwa kinaondoka.

Alichagua mahali kwa makini, kati ya bamba la mbele la katapila na ukuta wa bohari. Akapanga majiko. Akapepea moto. Dereva wa katapila alimtazama kutoka juu, akamtazama bosi wake, akazima injini.

"Mama, hapa ni hatari," mkandarasi akasema.

"Kwani nini kitatokea?"

"Tunabomoa."

"Hamna, hamuwezi kubomoa. Sheria inasema mnafungua." Akamwangalia dereva. "Wewe baba, umekula?"

Dereva hakuwa amekula. Alishuka. Akapewa sahani iliyojaa, akakaa juu ya mnyororo wa katapila lake na kula, na kila mtu aliona kwamba mashine ile haitanguruma tena siku hiyo. Mkandarasi alijifuta jasho. Alizunguka bohari mara moja, akarudi, akasimama pale harufu ya nazi inapomfikia vizuri.

"Na mimi nipakulie," akasema hatimaye.

"Nyama au samaki?"

Walikula pamoja, na katika kula wakaongea. Sikusikia yote. Nilisikia diwani akimwuliza kama nyumba ya mama yake huko kwao ilipobomolewa walitupa milango. Mkandarasi akasema hapana, mlango wa mama yake uko kwa dada yake mpaka leo. "Sasa si unaona," diwani akasema, akamwongezea mchuzi.

Kesho yake Mhandisi alirudi, akasikia habari, akaja kiwanjani na kikombe chake. Hakupandisha sauti. "Ndugu mkandarasi, zile alama za ziada ulipewa kwa maelezo yako. Kama maelezo yamebadilika, itabidi tuitishe kamati izitazame upya." Akanywa chai. Katapila likaondolewa ukutani mchana uleule.

Tukaifungua bohari. Mkandarasi aliajiri watu wa Likombe, wanaume kwa wanawake, na mimi nikawa nashinda pale. Siku ya kutoa mabati nilipanda juu pamoja na mafundi, kilemba kichwani badala ya kofia ngumu, na nilipofika kwenye kilele nikaona ghuba yote, meli iliyotia nanga, minazi ya Msangamkuu, na upepo ukanipiga usoni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Fundi mmoja akaniuliza kama naogopa kushuka. Nikamwambia ndiyo, ili niendelee kusimama.

Mawe yalisafishwa chokaa ya zamani na kuingia kwenye msingi mpya. Vipande vilivyovunjika vilipondwa na akina mama vikawa kokoto za sakafu. Hapo mkandarasi alitimiza wajibu wake, na kwa haki niseme alianza hata kufurahia, alikuwa anampa kila mgeni jiwe alishike. Lakini mabati na kenchi alikataa katakata.

"Dada, zahanati mpya, bati kuukuu? Watu watanicheka mpaka Dar es Salaam. Peleka takataka zako yadi. Mimi napaua kwa vitu vipya."

Sheria ilimruhusu. Vikaja yadi. Habari zikaenea kwamba Bi Mabaki ana bati zito, na watu wakaja kutoka kila upande na milango yao, tofali zao, madumu yao. Yule mkulima wa Ruvuma alibeba fungu kubwa, akasema sasa nyumba ya mke wake itakamilika. Mengine yalikwenda kwenye madrasa ya jirani. Sehemu ikabaki pamoja na kenchi.

Ukuta wa zahanati ukafika juu. Na mwaka ule ndio uliokuwa wa mvua za Elinino.

Kila mtu wa umri wangu anaikumbuka. Mvua ilianza wakati ambao haikutarajiwa, ikasahau kuacha. Barabara ya Dar es Salaam, ambayo hata kiangazi ilikuwa ya kuombea dua, ikafa kabisa. Lori lenye mabati, mbao na misumari ya mkandarasi likakwama upande wa pili wa Rufiji, na dereva wake akatuma ujumbe kwa redio ya polisi kwamba yeye mwenyewe sasa anavua kambale. Zahanati ikasimama uchi Likombe, maji yakishuka ukutani, sakafu mpya imekuwa bwawa. Ukitazama kwa jicho la fundi ulikuwa unaona plasta inavyovimba. Mvua zikiendelea, kazi yote ingeharibika.

Siku moja nimekaa kwenye kibanda cha yadi, maji yanapiga juu yangu, nikaona mtu anakuja amejifunika karatasi ya nailoni. Alikuwa mkandarasi. Alisimama mlangoni akichuruzika.

"Dada, zile takataka zenu bado zipo?"

"Takataka hatuna, bwana mkandarasi. Tuna mabati."

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na mimi nikashindwa kujizuia. Tukaenda kwa diwani, kwa sababu utaratibu ni utaratibu.

"Umeleta nini?" diwani akamwuliza. "Hapa ni leta, uchukue."

"Mama, mimi nina nini? Nina katapila tu, limelala."

"Limelala na mitaro yote imejaa vifusi?"

Basi katapila likaamshwa. Lilizibua mitaro kuanzia sokoni mpaka chini, likakusanya vifusi vya miaka, na dereva wake akala bure kwa diwani kwa muda wote ule. Mimi na mkandarasi tukaenda kuyapima mabati ya yadi. Kenchi zilitosha, mabati hayakutosha. Upande mmoja mzima wa paa ulibaki wazi.

Madrasa walikuwa wameshaezeka, na huwezi kuvua paa la watoto wanaosoma. Nikakumbuka mteja wangu wa Ruvuma. Tukapanda tipa ya mkandarasi, mimi na yeye, dereva wa katapila akitufuata nyuma na katapila lake, kwa sababu bila katapila tusingepita. Njia ilikuwa uji. Tipa ilizama, katapila likaivuta, ikazama tena, likaivuta. Mkandarasi alishuka kusukuma na viatu vyake vizuri vya mjini vikabaki matopeni, akaendelea peku, akiimba kwa sauti mbaya sana.

Tulimkuta mwenyeji wetu amekaa barazani. Kuta zake zimesimama, dirisha langu liko ukutani, na mabati yamepangwa ndani, bado hayajapanda, kwa sababu mvua ilikuwa imemzuia hata kukata miti ya kupaulia. Alikuwa anaishi na mke wake kwenye nyumba ya zamani ya makuti, pembeni. Mke alitoka, tumbo limetangulia, akatukaribisha mihogo ya kuchemsha.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanipotea. Ilikuwaje nimwombe mtu bati lake mwenyewe, mvua inanyesha hivi? Mkandarasi ndiye aliyesema. Alisema wazi, bila kujitukuza: kwamba alikuwa ameyadharau, kwamba sasa anayahitaji, kwamba lori lake likifika atamletea mapya, idadi ileile, mlangoni.

Mwenyeji akamtazama mke wake. Mke akauliza, "Hiyo zahanati itakuwa na nkunga?"

"Atakuwepo," nikasema.

"Na kitanda cha kuzalia?"

"Kitakuwepo."

"Basi wape," akamwambia mumewe. "Nyumba yangu haina nkunga."

Walitusaidia kupakia. Nakumbuka kurudi kwetu kwa sababu hakuna aliyeimba. Mkandarasi alikaa na goti moja juu ya lingine, miguu yake imekauka tope, akitazama mvua. Karibu na mji akasema, si kwangu, kama anajisemea: "Mimi nilidhani watanicheka kwa bati kuukuu."

Tuliezeka baina ya manyunyu. Matundu ya misumari ya zamani tuliyaziba kwa lami na vipande vya mpira, bati moja baada ya lingine, na mkandarasi mwenyewe alikuwa juu pamoja nasi na kitambaa chake shingoni. Siku ya kuzindua zahanati, mvua ilikuja kubwa, hotuba hazikusikika hata moja, kwa hiyo hazikutolewa. Watu walijaa ndani wakitazama juu. Paa lilishika. Lilivuja mahali pamoja tu, juu ya meza ya mganga, ambaye alisogeza meza yake na akamwita mgonjwa wa kwanza.

Yule mama wa Ruvuma alikuja kujifungulia pale, akapata mtoto wa kike. Na mvua zilipokwisha na lori la mkandarasi likafika, alitimiza ahadi: alipeleka mabati mapya, yanang'aa, mpaka mlangoni. Wiki chache baadaye mwenyeji wetu akaja yadi, amekasirika.

"Dada, haya mabati yenu mapya ni kama karatasi ya sigara! Upepo ukipiga yanaongea usiku kucha. Nataka yale yangu!"

"Yale yako yako juu ya zahanati, kaka."

"Najua yako wapi. Nimekwenda kuyatazama." Akahema. "Yamekaa vizuri, lakini."

Mkandarasi alibaki kusini kwa miaka kadhaa. Kwenye zabuni zilizofuata hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa anakuja yadi kabla hata ya kuchora, anazunguka, anagonga mbao kwa kidole. Wakandarasi wengine waliona anapata kazi, wakaanza nao kuzunguka. Kwa muda fulani mtu akitaka kubomoa hata banda la kuku alikuja kwanza kuniuliza utaratibu.

Haikubaki hivyo. Daraja la Rufiji lilipofunguliwa, miaka ya elfu mbili, vitu vipya vikaanza kumiminika. Bati la karatasi ya sigara likajaa kila duka, mlango wa kiwandani ukawa rahisi kuliko kumtafuta seremala. Diwani wetu alishindwa uchaguzi na mtu kijana aliyeongea vizuri. Mhandisi akahamishwa. Sheria haikufutwa, ila watu walianza kuisahau, na yadi ikaota majani. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nakwenda kule mchana nakaa kwenye kile kibanda nikitazama mijusi.

Kilichonitoa pale kilikuwa gesi. Walipoanza kuichimba Msimbati, vifaa vilikuja ndani ya makasha makubwa ya mbao, na fundi mmoja mdogo wa kujenga mabanda ya wafanyakazi alikuwa na rundo la makasha matupu ambalo hakujua alifanyie nini. Alipanga kuyachoma ufukweni. Nilisikia habari hizo kibandani kwa diwani wa zamani, kwa sababu nilikuwa bado nakula pale kila siku.

"Mbao nzima?" akauliza.

"Nzima, mama. Nasikia za paini, nene."

Akafunika sufuria. Hakuwa diwani tena, hakuwa na mamlaka yoyote, lakini alikuwa tayari anafunga kanga. "Na sheria si bado ipo?"

"Ipo."

"Nani anayejua ipo?"

"Mimi na wewe."

"Tunatosha," akasema.

Mkurugenzi mpya wa halmashauri alitusikiliza, akaniambia niende nikalimalize. Tulikwenda Msimbati na tipa ya halmashauri. Yule fundi alikuwa kijana mwenye adabu, na wala hakubishana. Alisema hakuna aliyewahi kumwambia, akafurahi kupunguziwa mzigo. Mwalimu mkuu wa shule ya pale akayaomba, maana wanafunzi wake walikuwa wakikaa sakafuni kwa muda mrefu. Maseremala wa kijiji waliyafungua yale makasha palepale uwanjani, na ndani ya siku chache yakawa madawati, yenye maandishi ya kigeni yaliyopigwa muhuri, mishale inayoonyesha upande wa juu, na picha ya glasi iliyopasuka. Wanafunzi waligombania dawati lenye glasi.

Diwani wa zamani aliomba kasha moja tu kwa ajili yake, la kufanyia kabati ya vyombo. Hakuna aliyemnyima. Tulirudi na tipa mchana, yeye amekaa dirishani na mimi katikati, kasha linagonga nyuma kwenye kila shimo. Tulipofika Madimba alimsimamisha dereva, akashuka kununua mihogo ya kuchoma kwa mwanamke mmoja aliyekaa kando ya barabara chini ya kibanda cha makuti. Nilimwona anaongea naye kwa muda, anaonyesha nguzo za kibanda kwa mkono, anazigonga. Kisha akarudi na mihogo imefungwa kwenye gazeti.

"Nimemwambia zile nguzo zake zimeoza," akasema, akinigawia. "Nimemwambia aje yadi wiki ijayo, akuulize wewe."

"Yadi ina majani, mama."

"Basi utafyeka," akasema, akamwambia dereva aondoe gari.